Chale Hasemi

Kabla sijajua kwamba Charlie ni jina la mtu, yule Charlie Chaplin wa filamu zisizo na sauti, nilijua kwamba chale ni kazi. Nyumbani kwetu Mtongwe, mtoto akianza mzaha wakati wa chakula, mama alimkata hapo hapo: "Acha uchale, kula." Neno hilo lina maana zake. Chale ni ile mikato midogo ya wembe ambayo mganga humchanja mtu kisha akaipaka dawa. Chale pia ni mtu wa kuchekesha watu. Utotoni nilidhani maana hizo mbili ni moja, kwamba mchekeshaji ni mtu aliyewahi kuchanjwa, na kicheko hutokea pale pale palipokatwa. Sikumwuliza mtu, kwa sababu ushahidi nilikuwa nao: chale wetu wa mtaani alikuwa na makovu kuanzia kwenye viwiko mpaka vidoleni. Nilikuwa mkubwa nilipojua kwamba yalikuwa makovu ya mishipi na kamba za nyavu.

Alikuwa Mpemba. Aliingia Mombasa mwaka 1964, kijana ambaye ndevu hazijaota, ndani ya jahazi lililojaa watu waliokuwa wakiyakimbia mapinduzi ya Zanzibar na yaliyofuata. Hakuwa na karatasi yoyote, na siku zile hakuna aliyemwuliza. Pwani hii watu walikuwa wakija na kurudi kwa upepo. Kusi likivuma, vyombo vya Pemba vinapanda huku kwetu; kaskazi likirudi, vinateremka. Yeye alipanda na hakuteremka tena. Alivua, akatengeneza nyavu za wenzake, akaoa Mpemba mwenzake, akazaa watoto 5. Hakuwa ndugu yetu kwa damu, lakini sote tulimwita ami, na jina lake halisi nilikuja kulisikia siku ya maziko yake.

Siku za harusi ndipo alipokuwa mtu mwengine.

Kwetu harusi ya wanaume haikukamilika bila kirumbizi. Zumari linalia, ngoma zinalifuata, duara linafunguka, vijana wawili wanaingia na bakora, huyu akirusha, huyu akikinga. Basi mchezo ukishapamba moto, mpiga zumari angebadilisha ghafla, atoe pumzi fupi fupi kama anaita bata, na watu wote wakageuka kutazama upande wa mbuyu. Ami angetokea. Kikoi kimefungwa juu, na chini yake buti mbili kubwa za kazi, ya kulia mguu wa kushoto na ya kushoto mguu wa kulia. Koti jeusi la mtu mwembamba kuliko yeye. Kofia ya duara aliyoisuka mwenyewe kwa ukili kisha akaipaka masizi ya sufuria, na masizi hayo hayo ameyapaka chini ya pua, sharubu fupi ya upana wa vidole viwili. Mkononi bakora ya mtobwe. Akitembea, visigino vinabusiana, mguu mmoja unaelekea Likoni na mwengine unaelekea Changamwe.

Angeingia duarani kwa heshima zote. Anavua kofia, anamwinamia mpiga zumari, anamwinamia bwana harusi, anamwinamia hata mbuzi aliyefungwa pembeni. Kisha anaitisha mpinzani kwa ishara. Hakuna anayetoka. Basi anapigana na bakora yake mwenyewe. Bakora inamkwepa. Inamkamata shingo na kumvuta nje ya duara, anarudi. Inamgonga ugoko, anaitazama kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na ndugu yake wa tumbo moja, kisha anaipapasa na kuiomba radhi. Nimeona wazee wakikaa mchangani kwa kucheka, mkono mmoja umeshika kilemba, wa pili umeshika mbavu.

Na muda wote huo hakutoa neno. Hata mguno hakuutoa. Watoto waliotoka ng'ambo ya pili ya maji walirudi kwao wakisema kwamba Mtongwe kuna bubu anayechekesha.

Hakuwa bubu. Kwenye baraza ya kahawa alikuwa msemaji kupita wote, na hadithi zake za bahari zilitosha msimu mzima wa mvua. Alinyamaza mbele ya watu asiowajua. Nilikuja kuelewa sababu siku moja kwenye feri, nikiwa na miaka 8 au 9, nimeshikwa mkono na baba. Askari walikuwa wakifanya msako, wanapita kati ya abiria wakisema, "Kitambulisho, kitambulisho." Ami alikuwa mbele yetu na kapu la samaki. Nilimwona akilitua chini, akavuta pumzi, akaigeuza miguu yake ikatazama pande mbili, na akaanza kumwendea askari kwa ule mwendo. Alipomfikia alijipekua: mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, ndani ya kofia, chini ya ulimi wa samaki. Alimtoa changu kapuni, akampa askari kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi hati. Feri nzima ilicheka. Askari alicheka mpaka akasahau alichokuwa akikitafuta, akamrudishia samaki wake, akampiga begani, akapita.

Baba hakucheka. Nilimwona akimtazama ami mikono. Ilikuwa ikitetemeka.

"Mbona hakusema tu kwamba hana?" nilimwuliza baba tulipofika ng'ambo.

"Akifungua mdomo watamjua," baba alisema.

Wahenga wamesema Wapemba hujuana kwa vilemba. Askari wa siku zile waliwajua kwa ulimi. Neno moja tu la Kipemba, jinsi sauti inavyopanda mwisho wa swali, lilitosha kumlaza mtu seli akisubiri kurudishwa kwao. Ami alikuwa ameishi Mombasa miaka karibu 30, na kila alipokuwa mbele ya mtu mwenye sare aliuacha ulimi wake nyumbani.

Nilimwona Charlie kwa mara ya kwanza mwaka 2008, kwenye saiba moja, duka la intaneti, mjini, si mbali na Pembe za Ndovu. Nilikuwa nimeanza kazi ninayoifanya mpaka leo, kupiga video za harusi, na nilikuwa natafuta namna ya kuunganisha picha bila kupoteza mwendo wa mtu. Nikakuta filamu fupi ya mwaka 1917, dakika zisizofika 30, iitwayo The Immigrant, yaani mhamiaji. Meli imejaa watu maskini wanaokwenda Marekani. Mtu amewapa watu mgongo, ameinama ukingoni, miguu inarusharusha, na wewe unadhani anatapika. Anageuka, kumbe amevua samaki, na furaha imemjaa usoni.

Nilisimama pale kwenye saiba. Nilisema kwa sauti, "Ami!" Mwenye saiba akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Tazama filamu hiyo ukiipata. Kuna mahali meli inafika New York, na maandishi kwenye skrini yanatangaza kwamba wamewasili katika nchi ya uhuru. Abiria wote wanasimama kulitazama lile sanamu la mwanamke mwenye mwenge. Wakati huo huo wafanyakazi wa meli wanakuja na kamba na kuwazungushia abiria wote kama ng'ombe. Charlie anaitazama kamba, kisha analitazama tena sanamu. Basi. Hakuna neno lililosemwa, na mimi niliyekua nikitazama misako kwenye feri sikuhitaji kutafsiriwa. Punde baadaye anampiga teke afisa wa uhamiaji, na teke hilo, miaka mingi mbele, walikuja kulitaja watu waliotaka kuthibitisha kwamba hakuipenda Marekani.

Tangu siku hiyo nimemfuatilia mtu huyu kama jamaa aliyepotea. Kila nilipofika katika maisha yake nilikuta jambo moja likirudi: sauti.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, akakulia London. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba aliihama nyumba mapema na pombe ikamwua mwaka 1901. Mama, Hannah, alibaki na Charlie na Sydney, kaka yake wa mama mmoja. Mwenyewe alisimulia kwamba mara yake ya kwanza kupanda jukwaani alikuwa na miaka 5, kwenye ukumbi wa mji wa Aldershot, wenye watazamaji askari. Mama yake alikuwa akiimba na sauti ikamkatikia. Watu wakaanza kuzomea. Meneja akamsukuma mtoto mbele akaimbe badala yake. Aliimba, watu wakatupa sarafu, naye akasimamisha wimbo katikati akasema ataokota pesa kwanza kisha aendelee. Walicheka. Kisha, bila kujua anafanya nini, akaiga sauti ya mama yake ilivyokatika. Walicheka zaidi. Sauti ya Hannah haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mwaka 1896 mama na watoto wawili waliingia katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, mahali ambapo mama na wanawe hutenganishwa mlangoni, na miaka iliyofuata Hannah aliingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili.

Sina haja ya kutia chumvi juu ya hayo. Mtoto alijifunza mapema kwamba sauti ni kitu kinachoweza kukusaliti mbele ya watu.

Mwaka 1908 alichukuliwa na Fred Karno, mtu mwenye vikundi vya vichekesho vilivyotegemea mwili kuliko maneno. Huko alifunzwa kuanguka, kujikwaa, kugongwa na mlango, na zaidi ya yote kusubiri. Mwaka 1910 kikundi hicho kilikwenda Marekani, Charlie akiwa ndani ya meli pamoja na kijana mwenzake ambaye dunia ingemjua kwa jina la Stan Laurel. Kwa safari ya pili, ya 1912, hakurudi. Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa mlevi anayeharibu onyesho la watu, na watu wa kampuni ya filamu ya Keystone waliupenda. Septemba 1913 alitia saini kwa dola 150 kwa wiki. Februari 1914 lile vazi likaonekana kwa mara ya kwanza: suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vikubwa, bakora, sharubu. Mwendo alisema aliuiga kwa mzee mmoja wa London aliyekuwa akishika farasi za watu nje ya baa. Yaani mzee fulani mwenye miguu mibovu, ambaye pengine hakuwahi kuvuka mto wa mji wake, mwendo wake ulivuka bahari mbili ukafika Pemba, kisha ukapanda jahazi ukaja Mtongwe.

Mwaka 1916, akiwa na miaka 26, mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa wa dola 670,000. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya United Artists pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, ili asiwe tena mwajiriwa wa mtu.

Watu wengi hueleza mafanikio hayo kwa kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini mimi natazama mahali pengine. Marekani ya wakati ule ilikuwa ikipokea wageni kwa wingi ambao ni vigumu kuufikiria. Mwaka 1907 peke yake waliingia zaidi ya watu milioni 1. Walikuwa Waitaliano, Wayahudi wa Urusi, Wapolandi, watu wasiojua Kiingereza, na sinema ilikuwa ya bei rahisi. Waliketi gizani wakamtazama mtu asiye na kwao anayefukuzwa na polisi, na hakuna lafudhi iliyowaambia kwamba ni Mwingereza. Katika filamu zile alikuwa wa kwao, kila mmoja wao. Ukimya ulikuwa pasipoti yake, na ilikubalika bandari zote. Ami aliniambia kwamba alimwona Charlie kule Wete, Pemba, yeye akiwa mtoto, gari la sinema lilipokuja na kutandika shuka jeupe kati ya minazi miwili. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita na hakuna aliyeweza kuyasoma. "Tulikuwa hatuyahitaji," alisema.

Ndiyo maana filamu za sauti zilipoingia mwaka 1927, yeye aligoma. Wenzake wote walikimbilia maikrofoni. Yeye mwaka 1931 alitoa City Lights bila mazungumzo, muziki tu. Humo kuna tukio ninalowaonyesha vijana ninaowafunza kamera. Msichana kipofu anauza maua barabarani, na inatakiwa amdhanie yule maskini anayeigizwa na Charlie kuwa tajiri. Utafanyaje bila maneno? Chaplin alilipiga tukio hilo mara 342 katika muda wa miezi mingi. Mwisho jibu likawa mlango wa gari. Maskini anapita ndani ya gari la watu lililosimama ili akwepe msongamano, anatokea upande wa pili, msichana anasikia mlango ukifungwa, anajua aliyeshuka ni mwenye gari. Filamu isiyo na sauti, na ufunguo wake ni mlio wa mlango ambao watazamaji hawausikii. Mimi nikifikiria kazi hiyo huona aibu ninapomwambia bwana harusi kwamba hatuna muda wa kurudia.

Mwaka 1936 yule maskini alitoa sauti mara moja tu, akaimba wimbo, na maneno ya wimbo huo si ya lugha yoyote duniani. Alichanganya milio inayofanana na Kifaransa na Kiitaliano, na mikono ikaeleza yote. Hata hapo alikataa kusema ni wa wapi.

Kisha akasema. Mwaka 1940, Ulaya ikiwa vitani na Marekani bado haijaingia, alitoa filamu ya kumpinga Hitler, na mwisho wake anaigeukia kamera na kuhutubia dakika kadhaa, kwa sauti yake, Kiingereza chake cha Uingereza, akiwataka watu wakatae kutawaliwa na chuki. Mimi naiheshimu hotuba ile. Wapo wajuzi wa sinema wanaosema iliharibu filamu, na pengine kwa ufundi wa filamu wana hoja. Lakini mtu aliyelindwa na ukimya kwa zaidi ya miaka 25 aliamua kuutoa ulimi wake nje wakati ulipokuwa na thamani, na akalipa.

Mwaka 1942, Marekani na Urusi zikiwa upande mmoja wa vita, alisimama San Francisco kutaka Warusi wasaidiwe, akawaita wasikilizaji makomredi. Vita vikaisha, urafiki ukaisha, na maneno yakabaki. Idara ya upelelezi ya FBI ilikusanya kurasa zaidi ya 1,900 juu yake. Mwaka 1947, mbele ya waandishi wa habari, aliulizwa kwa nini ameishi Marekani miaka yote hiyo bila kuchukua uraia. Alikuwa akijibu swali hilo kwamba yeye ni raia wa dunia. Jibu zuri, na halimsaidii mtu yeyote mbele ya afisa wa uhamiaji.

Septemba 1952 alipanda meli ya Queen Elizabeth kule New York, yeye na mkewe Oona na watoto, wakienda London kuonyesha filamu yake mpya. Muda mfupi baadaye, wakiwa katikati ya bahari, Mwanasheria Mkuu wa Marekani alitangaza kwamba kibali chake cha kurudi kimefutwa. Akitaka kuingia tena, itabidi ahojiwe kuhusu siasa zake na tabia zake.

Hiyo "tabia" sitaipita kimya, kwa kuwa nina binti. Chaplin alioa wasichana wawili wa miaka 16, mmoja mwaka 1918 na mwingine mwaka 1924, na alimwoa Oona mwaka 1943 akiwa na miaka 54, bibi arusi ana 18. Wasichana wale walilipa gharama ya umaarufu wake, na walionyamaza zaidi ni wao. Ninampenda msanii huyu na hilo sipendi. Lakini waliomfungia mlango hawakuwa wakiwatetea wasichana. Walikuwa na hasira na mgeni aliyesema.

Hakurudi kuishi. Mwaka 1953 alihamia Uswisi, kijiji cha Corsier-sur-Vevey, akairudisha karatasi yake ya kuingilia Marekani. Baadaye Oona, aliyezaliwa Mmarekani, akaukana uraia wake.

Mwaka 2014 nilimwonyesha ami hayo yote kwa simu. Tuliketi barazani kwake, jua limelala. Alikuwa ameacha bahari, magoti yanamsumbua, lakini harusi bado alikuwa akiitwa. Laini ya simu aliyotumia ilikuwa kwa jina langu, kwa sababu bila kitambulisho huwezi kusajili laini, na bila laini hakuna M-Pesa. Watu wakimtunza kwa uchale wake, pesa zinaingia kwake kwa jina la mtu mwengine.

"Ami," nilimwambia, "huyu ndiye Chale mwenyewe."

Aliisogeza simu mbali, akaileta karibu. "Namjua huyu. Alikuja Wete." Akatazama mpaka mwisho. Pale kwenye kamba alisema "Eeh," taratibu, kama mtu anayeitikia salamu. Kisha akauliza, "Ni wa wapi?"

"Mwingereza. Alihamia Marekani."

"Wakampa kitambulisho?"

"Hakuomba, ami. Karibu miaka 40 alikaa, hakuomba."

Aliiweka simu juu ya mkeka. "Angepewa, akakataa?"

"Ndiyo."

"Mwenye nyumba mbili huyo," alisema. "Akilala nje ni kwa kupenda."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya Chaplin. Ni kweli. Siku walipomfungia New York, mkononi alikuwa na pasipoti ya Uingereza, na pesa za kununua jumba Uswisi. Maskini aliyemwigiza hakuwa na kitu, na yule anayefanana na maskini huyo alikuwa ameketi nami barazani, akipangusa kioo cha simu yangu kwa pindo la kikoi.

Mwaka uliofuata mwanawe mdogo alipata nafasi ya kibarua iliyotaka kitambulisho. Kijana alizaliwa Mtongwe, hajawahi kuiona Pemba. Aliitwa kupigwa msasa na akaambiwa aje na baba. Nilikwenda nao. Waliuliza jina la babu, jina la baba wa babu, mzee wa mtaa ni nani, shule gani ya jirani. Kijana alijibu yote. Kisha mmoja wao akamgeukia ami: "Na wewe mzee, wewe ni mtu wa wapi?"

Nilimwona akitua. Vidole vyake vilikuwa vimeishika bakora, na nilidhani, nasema kweli, nilidhani atasimama na kuigeuza miguu. Chumba kilikuwa kidogo, wangecheka, labda wangegonga muhuri. Badala yake alijibu. Alisema kwa Kipemba chake chote, bila kukipunguza, alikozaliwa, mwaka aliokuja, jina la nahodha wa jahazi, watoto aliowazika katika makaburi ya Mtongwe, wawili. Alisema kwa muda mrefu. Mmoja wa wale mezani alianza kutabasamu kwenye neno la tatu, na alipomaliza akamnong'oneza mwenzake kitu na wote wawili wakacheka. Tuliambiwa twende tukasubiri tuitwe. Hatukuitwa.

Ni mara ile moja tu niliyomwona akichekwa bila kuchekesha.

Chaplin aliruhusiwa kurudi Marekani kwa ziara, Aprili 1972, kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa anakaribia miaka 83. Ukumbi ulisimama na kupiga makofi kwa takriban dakika 12. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi: mzee mnene mwenye mvi, midomo inacheza, anasema maneno machache na kusema kwamba maneno ni dhaifu. Kisha mtu anampa ile kofia, na anajaribu kuirusha kama zamani. Mwaka 1975 Malkia alimpa cheo cha Sir, na alfajiri ya Krismasi ya 1977 alifariki usingizini, ana miaka 88.

Ami alifariki mwaka 2019. Mpemba hakimbii mvua ndogo, wanasema, na hii yake ilinyesha miaka 55. Wamakonde, jamii nyingine iliyokuwa haina uraia, walikuwa wameshaupata. Mwaka 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakatambuliwa. Zamu ya Wapemba ilikuja 2023, Serikali ilipowatambua kuwa miongoni mwa jamii za Kenya. Binti mkubwa wa ami alikwenda kupiga picha ya kitambulisho akiwa na miaka zaidi ya 40. Aliniambia kwamba mpiga picha alimwonya mara tatu asicheke.

Alikuja kwangu mwaka jana na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kanda ya VHS ya harusi ya 1993, mwaka mmoja kabla ya feri yetu ya Mtongwe kuzama na kuchukua watu zaidi ya 270, miongoni mwao wapo wanaoonekana katika kanda hiyo wakipiga makofi. Ndiyo picha pekee ya baba yake akicheza. Nilihangaika wiki nzima kuisafisha. Picha ilirudi, imepauka, inaonekana. Sauti haikurudi. Unyevu ulikuwa umeila yote.

Tuliitazama pamoja ofisini kwangu, milango imefungwa. Zumari halisikiki, ila mashavu ya mpigaji yanajaa na kupungua. Ami anatokea upande wa mbuyu. Anainama kwa zumari, kwa bwana harusi, kwa mbuzi. Bakora inamkamata shingo. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa leso, na sikujua kama anacheka.

Mwishoni duara linavunjika, watu wanasogea, na aliyekuwa na kamera anamfuata ami nyuma ya nyumba. Amevua kofia, jasho limechora mistari katika masizi ya sharubu. Anaiona kamera. Anaitazama moja kwa moja, na anafungua kinywa, na anasema.

"Amesema nini?" niliuliza.

Dada aliniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasogea karibu na kioo, akaitazama midomo ya baba yake, na midomo yake mwenyewe ikaifuata bila sauti.

"Anaomba maji," alisema. "Anasema, wanangu, nipani maji." Na alilisema hivyo hivyo, kwa ulimi wa baba yake.

Nikairudisha tena, tukatazama.